Vidole viwili vinakufa ganzi nikifika Mikumi: tatizo ni glavu au pikipiki?

#1 MwanaMakambako
Wakuu salaam.

Nina pikipiki ya cc 150, ya Kihindi, huu mwaka wa tatu. Kila baada ya wiki tano au sita natoka nayo Mbezi kwenda Makambako kumwona mama. Naondoka saa kumi alfajiri kukwepa foleni ya Kibaha. Chalinze niko vizuri, Morogoro nakunywa chai niko vizuri. Nikishaingia hifadhi ya Mikumi, kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kulia vinaanza kuchomachoma kama sindano, halafu vinakufa ganzi kabisa. Nikisimama Ruaha Mbuyuni kununua maji, mkono huo hauwezi kufungua kizibo cha chupa. Safari iliyopita nilipanda Kitonga nyuma ya malori huku sijui kama vidole viko juu ya breki ya mbele au haviko. Hapo ndipo nilipoogopa.

Glavu zangu nilinunua Kariakoo kwa 15,000. Juu ya vifundo vya vidole zina gamba la plastiki, kiganjani zina sponji nene, na mkononi zinafungwa kwa mkanda wa kunata. Zimeandikwa XL. Nimetenga 80,000 ya glavu mpya. Nichukue za aina gani? Au tatizo liko kwingine na hela yangu ikae?

#2 Kambale wa Rufiji
Naweka kambi hapa. Mimi ni mkono wa kushoto.

#3 FundiSpoki
Mkuu, hela yako ikae kwanza. Huo ni mtetemo.

Injini yako ni ya pistoni moja. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika ni mara 100 kwa sekunde, na kila mzunguko unatuma pigo dogo kwenye fremu, kwenye usukani, mpaka kwenye mfupa wa mkono wako. Saa tano mfululizo! Kabla ya kununua chochote fanya hivi. Kaza bolti zinazoshika injini kwenye fremu, na usikazie injini ikiwa ya moto. Kaza bolti za usukani. Angalia cheni isiwe kavu wala isikaze mno. Halafu angalia mwisho wa usukani: vile vyuma vizito viwili vipo? Wengi wanadhani ni pambo, kikidondoka kimoja wanaendelea na safari. Kile chuma kazi yake ni kutuliza mtetemo. Kama cha kulia hakipo, jibu umeshapata.

Kipimo chake: tembea 80 kwa nusu saa, halafu 65 kwa nusu saa. Ganzi ikibadilika kwa mwendo, ni mtetemo.

#4 DadaWaKlachi
FundiSpoki umemjibu mtu wa pikipiki, yeye kauliza glavu. Mimi nitajibu glavu.

XL umeinunua kwa kupima au kwa kuambiwa na muuzaji? Kariakoo ukiuliza saizi unaambiwa "hii inamkaa yeyote". Haimkai yeyote. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kiganja pale kwenye vifundo, bila kidole gumba, kunja ngumi kidogo, soma inchi. Namba za glavu zimetokana na inchi hizo: kiganja cha inchi 8 ni namba 8, cha 9 ni namba 9. Herufi za S, M, L kila kiwanda kinazipanga kivyake, usizitegemee. Mimi mkono wangu ni 7, na miaka miwili niliendesha na M ya wanaume. Nguo ya ziada ilikuwa inajikunja ndani ya kiganja, pale pale ninaposhikia. Jioni natoka na mstari mwekundu na lengelenge chini ya kidole cha pete. Nilivyopata inayonikaa, lengelenge likaisha wiki hiyohiyo.

Ukiijaribu dukani usinyooshe vidole ukaridhika. Kunja mkono kama umeshika usukani. Ncha za vidole zisibanwe, kiganjani kusijae makunyanzi, na ule ukuta kati ya kidole na kidole ukae mahali pake. Ngozi mpya ikibana kidogo ni sawa, italegea. Ya kitambaa ikibana leo itabana mwakani.

#5 Mzee wa Kitonga
Wanangu, nimeendesha pikipiki ya kazi tangu mwaka 1984, nikiwa bwana shamba huko Ludewa. Glavu hatukuwa nazo. Mikono ilikufa ganzi mwezi wa kwanza tu, halafu basi. Kwa nini? Kwa sababu mwezi wa kwanza nilikuwa naukaba usukani kama naukaba mwizi.

Usukani unashikwa kama kifaranga. Ukimlegeza anatoroka, ukimbana anakufa. Mwili wako ushikwe na magoti, bana tangi kwa magoti, mgongo ujitegemee, mikono iwe ya kuongoza tu. Vijana mnalalia usukani kwa mabega, uzito wote unashukia kiganjani. Hapo hata uvae glavu za dhahabu.

#6 Kambale wa Rufiji
Shikamoo Mzee. Kifaranga chenyewe kwenye makorongo ya Ludewa si kilikuwa kinaruka?

#7 Mzee wa Kitonga
Marahaba. Kiliruka mara mbili, mara moja na mimi nikaruka nacho.

#8 Nesi wa Zamu
Naomba nichangie kwa upande wangu. Simpimi mtu kupitia simu, lakini mleta uzi ameandika jambo ambalo wengi mmelipita: *kidole kidogo na cha pete*. Si mkono mzima.

Vidole hivyo viwili vina mshipa wao wa fahamu. Unatoka shingoni, unapita nyuma ya kiwiko (ule ukigongwa mkono unapigwa shoti), unashuka mpaka kwenye kitako cha kiganja upande wa kidole kidogo. Hapo kiganjani umekaa juujuu, hauna nyama nyingi ya kuukinga. Kidole gumba, cha shahada na cha kati, pamoja na nusu ya kile cha pete, vina mshipa mwingine, unaopita katikati ya kifundo cha mkono kwenye njia nyembamba pamoja na kano za kukunjia vidole.

Kwa hiyo swali langu kwa MwanaMakambako: sponji ya glavu yako imekaa wapi hasa? Ganzi inakuamsha usiku nyumbani? Una kisukari, au umewahi kupima? Unatumia dawa zozote za muda mrefu? Kisukari kinaharibu mishipa ya fahamu, ingawa mara nyingi huanza na miguu. Upungufu wa vitamini B12 nao unaleta ganzi. Hata isoniazid ya kifua kikuu inaleta, ndiyo maana mgonjwa hupewa na vitamini B6.

#9 MwanaMakambako
Asante Nesi. Usiku silalamiki, nyumbani silalamiki. Dawa situmii. Sukari sijapima.

Nimeigeuza glavu nje ndani baada ya kusoma bandiko lako. Sponji ina vipande viwili. Kimoja kiko chini ya vidole, kingine kiko kwenye kitako cha kiganja upande wa kidole kidogo, na mshono mnene umepita katikati yake. Nikibonyeza pale kwa gumba, kidole kidogo kinashtuka.

FundiSpoki, vyuma vya mwisho wa usukani vipo vyote viwili.

#10 Chuma Mboga
Kesi imefungwa. Chana mshono, toa sponji, shona tena. Buku mbili kwa fundi viatu.

#11 FundiSpoki
Haijafungwa. Hizo glavu anazivaa tangu Mbezi. Kwa nini asife ganzi Chalinze?

#12 Chuma Mboga
Kwa sababu jiwe dogo kwenye kiatu halikuumizi hatua ya kwanza.

#13 Mpita Nyika
Mimi nina jibu la Mikumi na naomba msinicheke. Ni tembo.

Nasema kweli. Ile barabara ndani ya hifadhi ni kama kilomita 50. Huwezi kukimbia kwa sababu ya mwendo uliowekwa na faini za wanyama, huwezi kusimama kunyoosha mkono kwa sababu uko na pikipiki porini. Kuna nyati, kuna tembo, kuna nyani kwenye lami. Mimi niligundua nikiona tu kile kibao chenye picha ya mnyama, mikono inakaza yenyewe. Natoka upande wa pili mabega yako masikioni. Jaribu siku moja ujichunguze ukiwa ndani ya hifadhi: meno umeyabana? Kama meno yamebana, mikono nayo imebana.

#14 FundiSpoki
Mpita Nyika sikucheki. Naongezea: kwenye mwendo wa 50 watu wanabaki na gia ya tano. Injini inavutwa chini ya nguvu yake, inagugumia, mtetemo unakuwa mkubwa na mzito. Shusha gia moja. Kwa hiyo tembo na mtetemo wanasaidiana.

#15 Mzee wa Kitonga
Kukaba. Nilisema.

#16 Salford Boda
Habari za huko wapendwa. Mimi nipo Uingereza, nasambaza vyakula kwa pikipiki ndogo, baridi na mvua miezi tisa. Naomba nimpinge Chuma Mboga kwa upole kabla mtu hajachana glavu yake.

Kiganja ndicho kinachotangulia kugusa lami. Mtu akianguka hunyoosha mikono, haijalishi ulifundishwa nini. Ukitoa sponji na kushona kwa uzi wa viatu, ile sehemu imebaki ganda. Tofautisha vitu viwili: sponji ya starehe na kinga ya kuanguka. Glavu nzuri za pikipiki mara nyingi hazina sponji nene kiganjani. Zina tabaka la pili la ngozi, na zingine zina kipande cha plastiki laini kwenye kitako cha kiganja ili mkono uteleze juu ya lami badala ya kunasa. Mkono ukinasa huku mwili unaendelea mbele, kifundo ndicho kinavunjika.

Na angalieni lebo ya ndani. Glavu ya pikipiki iliyopimwa Ulaya ina picha ya mwendesha pikipiki na maandishi EN 13594. Kuna kiwango cha 1 na cha 2. Kwenye kipimo cha kusuguliwa, cha 1 kiganja kinatakiwa kihimili sekunde 4, cha 2 sekunde 8. Zikiwepo herufi KP, maana yake lile gamba la vifundo nalo limepimwa. Gamba lisilo na KP linaweza kuwa plastiki ya urembo tu.

#17 Chuma Mboga
Sawa, nimekubali kwenye kuchana. Ila zangu zina alama ya CE na EN, nimelipia 20,000, kwa hiyo nipo salama?

#18 Salford Boda
Imeandikwa EN ngapi? Na picha yake ni ya nini?

#19 Chuma Mboga
EN 388. Picha ya nyundo.

#20 Salford Boda
Hiyo ni glavu ya kazi, kaka. Ya kubebea mabati na matofali. Imepimwa kukatwa, kuchanika, kutobolewa na kusuguliwa kwa mashine taratibu. Ni nzuri kwa kazi yake, na ni bora kuliko mkono mtupu. Lakini haijapimwa kwa mtu anayeteleza kwenye lami, na haina chochote cha kuizuia kuchomoka. Ivae, kaza mkanda, halafu jaribu kuivua kwa kuvuta ncha za vidole. Ikitoka, siku ya ajali itatangulia kuondoka.

#21 Bi Mkora
Nimesoma mpaka hapo nikaona nisimulie. Mwaka juzi nilianguka pale karibu na Kibaha, mwendo hata 40 haukufika, gari dogo lilinikata mbele. Glavu zilikuwa kwenye begi kwa sababu ya joto. Ngozi ya viganja vyote viwili ilibaki barabarani. Wiki mbili sikuweza kushika kijiko, mdogo wangu ndiye aliyekuwa ananilisha na kunisuka.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kifundo cha mkono wa kushoto. Zahanati niliyopelekwa waliniambia nimeteguka, wakafunga bendeji. Miezi miwili baadaye bado siwezi kusukuma mlango. Kupiga picha nyingine, kumbe kuna kimfupa kidogo chini ya gumba kimevunjika. Daktari wa mifupa alinieleza kile kimfupa kinapata damu kidogo, kinapona polepole, na mara nyingi picha ya siku ya kwanza haikioneshi. Ukianguka na kiganja halafu ukibonyeza lile bonde lililo chini ya gumba linauma, usikubali neno "umeteguka". Rudi upigwe picha tena baada ya siku kumi au wiki mbili.

Sasa hivi joto au lisiwe joto, navaa.

#22 Nesi wa Zamu
Pole sana dada. Hilo la bonde la gumba watu walishike.

#23 Kambale wa Rufiji
Joto nalo tuliseme basi. Dar mwezi wa pili glavu ya ngozi ni sufuria. Mikono inachemka, ukivua haivaliki tena, bitana limetoka pamoja na vidole.

#24 Mwana wa Ruwi
Joto tuulizeni sisi wa Muscat. Kiangazi nyuzi 40 zinapita, upepo wenyewe ni wa tanuri. Watu wa pikipiki wanapanda baada ya sala ya alfajiri na wanakuwa wamesharudi jua halijapanda.

Ngozi ya mbuzi nyembamba yenye matundu kwenye migongo ya vidole ndiyo naipendelea kuliko kitambaa cha wavu, maana ni laini na ni imara kwa wembamba wake. Bitana kutoka: usivue kwa kuvuta mkono mzima. Vuta ncha ya kila kidole kidogo kidogo, kimoja kimoja, halafu ndiyo uchomoe. Bitana likishatoka dukani hawalirudishi, na wewe huliwezi. Na usizianike juani wala juu ya injini, ngozi inakakamaa na kupasuka. Kivulini, vidole juu. Pwani zikikaa kwenye begi na jasho zinaota ukungu siku tatu tu.

#25 Mkazi wa Makete
Nyinyi mnalia joto. Njooni huku mwezi wa saba. Kitulo asubuhi kuna barafu kwenye majani. Ganzi ya mleta uzi isije ikawa baridi, Makambako nako si pa mchezo. Sisi tunavaa mfuko wa rambo ndani ya glavu, upepo haupiti.

#26 Chuma Mboga
Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019 mkuu. Wewe bado unazo?

#27 Mkazi wa Makete
Nilizitunza kwa ajili ya mikono. Zimebaki mbili.

#28 Wa Limuru
Hujambo jamaa. Huku kwetu Limuru watu wa boda hawahangaiki na nailoni. Fundi wa viti vya gari anakushonea mifuko miwili ya ngozi bandia, ndani ameweka kipande cha blanketi, unaifunga kwenye usukani na mkono unaingia humo, klachi na breki ziko ndani. Hata mvua haikupati, na glavu yako inaweza kuwa nyembamba. Mkono unahisi breki vizuri kuliko ukiwa na glavu nene.

Jambo moja tu: mfuko ukiwa mlegevu, upepo unausukuma unakandamiza breki. Taa ya nyuma inawaka safari nzima na breki inashika kidogo kidogo. Mwambie fundi aweke waya mgumu mdomoni ili ubaki umesimama.

#29 MwanaMakambako
Baridi naikataa. Mikumi saa nne asubuhi ni joto kweli. Na baridi ingekula vidole vyote kumi.

#30 Jicho la Tatu
Sasa ndiyo umefika kwenye swali langu. Mtetemo nao ungekula mikono yote miwili. FundiSpoki, usukani ni bomba moja. Kwa nini kushoto hakuna kitu?

#31 FundiSpoki
Kwa sababu mkono wa kushoto unapumzika. Barabara nyoofu wa kushoto unauweka pajani, unafuta uso, unarekebisha kofia. Wa kulia umeshika mafuta, hautoki, na kila anavyochoka anaukaza. Ukikaza ndipo mtetemo unaingia zaidi. Mkono uliolegea unapokea kidogo.

#32 Salford Boda
Kabla ya kazi hii ya kusambaza vyakula nilikuwa navunja lami kwa mashine hapa. Sheria ya mtetemo kazini ya 2005 inamtaka mwajiri achukue hatua ukali wa mtetemo ukifika mita 2.5 kwa sekunde ya mraba kwa hesabu ya siku ya saa 8, na 5 ndiyo mwisho. Tulifundishwa hilohilo: shika kwa nguvu ndogo inayotosha, mikono iwe na joto, pumzika mapema. Walituambia pia tusitegemee glavu kuzuia mtetemo. Huyo wa Kitonga wa kifaranga angeweza kutufundisha.

#33 Mzee wa Kitonga
Aksante mwanangu. Baridi ya huko pole.

#34 Jicho la Tatu
Nimeelewa, lakini mimi bado nasema ni pembe ya mkono. Aliyekuuzia pikipiki alikufungia wenzo wa breki ukiwa umelala sawa na ardhi. Kaa juu ya pikipiki, nyoosha mkono kutoka begani, vidole vinyooke juu ya breki. Kama kifundo kimekunjika kuelekea juu, hapo ndipo mshipa unakunjwa siku nzima. Legeza bolti, uzungushe wenzo ushuke mpaka mgongo wa kiganja na mkono vifanye mstari mmoja. Dakika tano, spana moja, bure.

Halafu kagua waya wa mafuta. Gripu ichezeke milimita 2 au 3 kabla injini haijaitika, na ukiachia irudi yenyewe haraka. Waya mkavu unakufanya upigane na springi kilomita 600. Matone machache ya oili tu.

#35 Kambale wa Rufiji
Na kile kijibao cha plastiki kinachobanwa kwenye gripu, unaweka kitako cha kiganja badala ya kukamata? Nimekiona kwa jamaa mmoja.

#36 DadaWaKlachi
Nilikuwa nacho. Barabara ndefu ni raha. Mjini nilikitoa siku ya pili: nilipita kwenye rasta (vile vituta vidogo vya barabarani), mkono ukarukia kile kijibao, pikipiki ikaongeza mwendo wakati nataka kupunguza. Mwenye kutaka akifunge ahakikishe anaweza kukisukuma pembeni.

Wa kushoto wako Kambale, uangalie klachi. Waya wa klachi ukikauka unavuta kama unakamua nguo nzito, na kwenye foleni ya Mbagala unaivuta mara ngapi?

#37 Kambale wa Rufiji
Hata sitaki kuhesabu. Naenda kuitia oili leo.

#38 MwanaMakambako
Wakuu, narudi na mrejesho. Niko Makambako, nimefika jana.

Nilifanya haya: nimepima kiganja, ni inchi 8 na nusu, kumbe ile XL ilikuwa inaniogelea. Nimepata glavu za mtumba pale Karume, ngozi ya mbuzi, namba 9, kiganja ni ngozi mbili bila sponji, lebo ina yule mwendesha pikipiki na kiwango cha 1. 25,000. Nilizifunga nikavuta vidole kama Salford alivyosema, hazikutoka. Nimeshusha wenzo wa breki. Nimetia oili waya wa mafuta. Mikumi nimepita na gia ya nne, na Mpita Nyika, ni kweli, meno yalikuwa yamebana. Nikayaachia. Nilikuwa nasimama kila kilomita 80 hivi, isipokuwa hifadhini.

Matokeo: Mikumi hakuna ganzi. Ruaha Mbuyuni nimefungua kizibo mwenyewe. Kitonga nimepanda navihisi vidole vyote. Ganzi ilikuja baada ya Mafinga, kidogo, kwenye kidole kidogo tu. Lakini sasa kuna jipya: gumba na cha shahada vinawasha kwa mbali, na hii haikuwepo.

#39 Chuma Mboga
Glavu. Nilisema kesi imefungwa.

#40 FundiSpoki
Mkuu umebadilisha vitu sita kwa siku moja! Sasa tutajuaje kilichoponya? Ni kama fundi anayebadili plagi, kabureta na koili kwa pamoja halafu anamwambia mteja tatizo lilikuwa plagi.

#41 Jicho la Tatu
Wenzo umeushusha kupita kiasi. Ukishuka mno, kifundo kinakunjamana upande wa pili, ndiyo gumba linalalamika. Upandishe nusu.

#42 DadaWaKlachi
Au mkanda wa mkononi umeukaza kwa sababu ya kile kipimo cha kuvuta. Unatakiwa upitishe ncha ya kidole chini yake.

#43 Nesi wa Zamu
Nimefurahi sana kwa Kitonga. Hiyo ya gumba usiiache ikae. Weka migongo ya viganja vyote viwili igusane, vidole vikielekea chini, viwiko nje, kaa dakika moja. Vikianza kuchomachoma, ule mshipa wa katikati unabanwa, nenda ukaonwe. Na ukiwa hapohapo kwa mama pima sukari, ni tone moja la damu. Nguvu ya kubana ikipungua au nyama ya kiganja ikianza kubonyea, hapo usisubiri uzi.

#44 MwanaMakambako
Nimekaa dakika moja. Hakuna kitu. Mkanda kweli nilikuwa nimeukaza. Sukari nitapima kesho asubuhi kabla ya chai, mama amesema na yeye anakwenda.

Jumamosi narudi Dar. Nitalegeza mkanda tu, wenzo sigusi, ili FundiSpoki asinigombeze.

#45 FundiSpoki
Hapo sawa. Na kaza bolti za injini kabla hujatoka. Hilo hukulifanya.

#46 Mzee wa Kitonga
Mikono ikiwa mizima, ukipita Ruaha Mbuyuni nifungie debe moja la vitunguu. Nipo Morogoro siku hizi kwa mjukuu, nitakungoja Msamvu.